Makao makuu Dodoma, viza Dar: Hesabu ya wanandoa wa Ifakara

Ifakara. Mume na mke wamealikwa Ujerumani kwenye mahafali ya mtoto wao. Tiketi ya ndege bado hawajaiwaza. Safari ya kwanza ni ya kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, kupeleka alama za vidole.

Huo ni mfano tu, lakini ndiyo hali ya yeyote wa Bonde la Kilombero anayetaka viza ya nchi za Schengen.

Sheria ya mwaka 2018 iliitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi, na wizara zimehamia huko. Balozi nyingi bado ziko Dar. Kwa hiyo anayetafuta viza haendi makao makuu, anaenda Dar.

Kwa nini waende wote wawili?

Fomu unaweza kujaza kwenye simu ukiwa Kibaoni. Alama za vidole hazitumwi kwa simu. Mke hawezi kumwakilisha mume, wala mume kumwakilisha mke. Ndiyo maana nauli, chakula na malazi vyote vinazidishwa mara mbili.

Hesabu yenyewe

Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, ni Sh150,000. Kwa wawili ni Sh300,000.

Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Kwa wawili ni euro 180, bado gharama za kituo cha maombi. Ukinyimwa viza, ada hairudi. Imeenda hiyo.

Kwa mkulima wa mpunga, hayo ni magunia yaliyouzwa kabla hajajua kama atasafiri.

SGR imesaidia, ila kipande tu

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 14, 2024, kwa nauli ya Sh13,000 daraja la kawaida. Wawili kwenda na kurudi ni Sh52,000.

Lakini Ifakara mpaka Morogoro mjini ni zaidi ya kilomita 200 za basi kupitia Kidatu na Mikumi. TAZARA inasimama Ifakara, ila treni zake hazipiti kila siku, na mwenye miadi ya saa tatu asubuhi hawezi kuitegemea. Wengi hufika Dar siku moja kabla na kulala gesti.

Balozi zikihamia Dodoma je?

Kwa mtu wa Ifakara, haibadilishi kitu. Ukitokea Morogoro, Dodoma ni mbali kuliko Dar. Tatizo hapa si mji gani una balozi. Tatizo ni kwamba mwombaji ndiye anayefuata mashine.

Na mashine inaweza kusafiri. NIDA ilichukua alama za vidole za mamilioni ya Watanzania kwenye kata na vijiji vyao. Vituo vya viza navyo vingeweza kupanga siku chache Morogoro mara moja moja, hasa kwa mkoa wenye watafiti wa Ifakara Health Institute wanaoalikwa nje kila mara.

India imeenda mbali zaidi: Mtanzania anayekwenda kutibiwa huko anaweza kuomba viza kwa mtandao, bila kupanda basi.

Kabla hujapanda basi

• Linganisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na cheti cha ndoa. Herufi moja ikipishana inaweza kukurudisha nyumbani.

• Kama ulishatoa alama za vidole kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59, kwa kawaida hutakiwi kuzitoa tena. Uliza kwanza.

• Mtoto chini ya miaka 12 hachukuliwi alama za vidole.

• Wekeni miadi ya wote wawili siku moja. Zikipishana siku, mtalipa gesti mara mbili.