Mchunguzi wa Vifo Ateuliwe, Visingizio Vimetosha

Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo ilitiwa saini mwaka 2017. Inataka jambo ambalo hata mtoto wa shule angelisema bila kufunzwa: mtu akifia mikononi mwa polisi, kifo chake kichunguzwe na asiye polisi. Albert Ojwang alipokufa katika Kituo cha Polisi cha Central, Nairobi, Juni 2025, sheria hiyo ilikuwa na umri wa miaka minane. Ofisi iliyoundwa nayo haikuwa na mkuu, wala karani, wala mlango wa kupigia hodi.

Kisa cha Ojwang bado kibichi, kwa hivyo tukianzie hapo. Alikuwa mwalimu, umri wa miaka 31. Jumamosi ya tarehe 7 Juni polisi walimchukua nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni yaliyomtaja Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Homa Bay ina vituo vya polisi na ina mahakama, lakini alisafirishwa hadi Nairobi. Baba yake akafunga safari kumfuata, amebeba hatimiliki ya shamba lake ili amtolee mwanawe dhamana. Alipofika aliambiwa kijana amefariki.

Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani mwa seli. Hawakusema wanashuku, wala kwamba wanasubiri daktari. Walisema hivyo basi, kama watu waliokuwapo. Siku chache baadaye jopo la wanapatholojia watano, likiongozwa na Dkt Bernard Midia, likaeleza majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa na mapigo mwilini, mambo ambayo mtu hajifanyii kwa ukuta. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akasimama mbele ya Seneti akaomba radhi, akisema alitegemea taarifa aliyopewa na walio chini yake.

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Taarifa ya kwanza ilitoka kwa wale wale waliokuwa na funguo za seli. Wachunguzi wa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, walipokwenda kutafuta picha za kamera za kituo, walikuta mitambo imekwisha kuchezewa. Nyumbani sukari ikipungua kabatini, aliye na chembechembe mdomoni hapewi ufunguo akachunguze. Serikali nzima, yenye mawakili na washauri wa kila aina, inashindwa na jambo ambalo mama yeyote hulimaliza kabla chai haijachemka.

Watu sita, askari na raia, walishtakiwa kwa mauaji ya Ojwang na wakakana. Bw Lagat alikaa kando kwa muda, kisha akarejea kazini bila kushtakiwa. Hatusemi ana hatia. Hiyo si kazi ya gazeti. Tunachosema ni kwamba kesi hii ilifika mahakamani kwa sababu vijana waliingia barabarani, familia ilisimama imara na madaktari walikataa kupindisha maneno. Haki isiyopatikana ila kwa kelele ni ya wenye bahati tu. Je, yule aliyekufa seli ya kituo kidogo mashambani, asiye na wafuasi mtandaoni, nani atampigia kelele?

Mambo haya si mageni. Jioni ya tarehe 2 Machi 1975, mbunge J.M. Kariuki alionekana akitoka hoteli ya Hilton jijini Nairobi pamoja na Ben Gethi, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha GSU. Kesho yake maiti yake ikapatikana Ngong. Ikalala City Mortuary siku kadhaa kama ya mtu asiyejulikana, huku wananchi wakisoma gazetini kuwa mheshimiwa yuko Zambia. Mbunge mashuhuri kuliko karibu wote nchini, na mochari ya serikali haikumjua! Ni wake zake waliokwenda kumtambua.

Bunge likaunda kamati chini ya Elijah Mwangale. Kamati ilifanya kazi yake vizuri kiasi cha kutisha watu: Rais Kenyatta alitaka majina mawili yaondolewe kwenye ripoti kabla ya kuwasilishwa, na yakaondolewa. Hata hivyo wabunge waliipitisha kwa kura 62 dhidi ya 59. Malipo yao? Waziri Masinde Muliro alifutwa kazi kwa kuiunga mkono, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Aliyemuua J.M. hakushtakiwa. Nusu karne imepita, na waliokuwa na la kusema wengi wamekwenda nalo kaburini.

Mauaji ya Waziri Robert Ouko mwaka 1990 yanajulikana: makachero wa Scotland Yard wakaitwa, tume ya Jaji Gicheru ikaundwa, Rais Moi akaivunja kabla haijamaliza, na baada ya mwaka 2000 kamati ya Bunge ikaanza upya. Tuna rafu ndefu ya ripoti za tume. Tume huja wakati damu imekwisha kuoshwa sakafuni na mashahidi wamekwisha kujua la kusema na la kumeza. Kinachoamua kesi ya mauaji ni siku mbili za kwanza: nani kafika, nani kaandika, nani kaibeba maiti, nani kafunga mlango.

Na siku hizo mbili, kwa utaratibu tunaoendelea kuufuata, ni za polisi. Polisi ndiye anayeipeleka maiti mochari. Ndiye anayemwambia mhudumu cha kuandika kitabuni: "mwanamume asiyejulikana", "aliuawa na umati", "alipigwa risasi akijaribu kutoroka". Ndiye anayeandaa faili ambalo hakimu atalisoma akiitwa kufanya uchunguzi wa kifo. IPOA ipo kisheria tangu 2011, na imefanya kazi ya kusifiwa, lakini mara nyingi hungoja kuarifiwa na kituo kile kile inachopaswa kukichunguza. Mchunguzi wa vifo aliye huru angeuziba mwanya huo. Maiti ni yake tangu dakika ya kwanza, mahali pa tukio pia, na mkuu wa kituo (OCS) hana amri juu yake.

Tunaambiwa hakuna pesa. Tumechoka na wimbo huo. Agosti 2025 Rais aliunda jopo la kushughulikia fidia kwa waathiriwa wa maandamano, likapingwa mahakamani hata kabla halijapata joto. Fidia ni haki ya familia na ilipwe. Lakini mtu amlipe nani, na kwa kifo gani, ikiwa hakuna ofisi huru iliyothibitisha kuwa marehemu aliuawa kwa risasi ya polisi na si kwa "jiwe la waandamanaji"? Ukitaka kulipa kwa haki, anza na anayehesabu kwa haki.

Tunaambiwa pia kuwa sheria ina kasoro na wizara hazijakubaliana ofisi ikae wapi. Zaidi ya miaka minane kutafuta pa kuweka meza! Ofisi ngapi za kisiasa zimeundwa, zikapata magari na walinzi, ndani ya mwezi mmoja? Inapotakwa, Serikali hukimbia. Hii haitakwi, kwa sababu siku itakapofanya kazi, kuna wakubwa watakaolala macho wazi.

Wala tusidanganywe kwamba polisi hawashtakiki. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao wa teksi walitekwa na kuuawa. Kijikaratasi kilichorushwa nje ya seli ya kambi ya polisi wa utawala Syokimau kilisaidia kuonyesha walikofichwa. Mawakili wakagoma. Rekodi za simu zikafuatwa hatua kwa hatua. Mwaka 2022 Jaji Jessie Lessit akawatia hatiani askari watatu na mpasha habari wao, na Februari 2023 kiongozi wao, Fredrick Leliman, akahukumiwa kifo, wengine vifungo virefu. Imewezekana. Ila haki ya watu watatu isingefaa kutegemea kijikaratasi kuokotwa na mpita njia mwenye moyo.

Linganisha na mtoto Samantha Pendo wa Kisumu, miezi sita tu, aliyejeruhiwa kichwani hadi kufa Agosti 2017 polisi walipovamia nyumba za Nyalenda wakizima maandamano ya uchaguzi. Hakimu Beryl Omollo alisema wazi mwaka 2019 kwamba polisi walihusika, akataja na makamanda. Ilichukua hadi Oktoba 2022 kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP) kuidhinisha mashtaka dhidi ya maafisa 12. Kisha ikaanza ngoma ya kuahirisha: leo faili halijakamilika, kesho washtakiwa hawajafika, keshokutwa ofisi ya mashtaka inataka kutafakari upya. Uteuzi wa mchunguzi wa vifo hautamtibu DPP anayesitasita. Hilo ni jingine, nalo lina dawa yake: asimame mahakamani aeleze kwa nini, kila mara anapoomba kuahirisha, mbele ya familia.

Lakini la kwanza kwanza. Serikali itangaze nafasi ya Mchunguzi Mkuu wa Vifo, watu wahojiwe hadharani, mwenye sifa ateuliwe. Bunge liitengee ofisi hiyo fungu lake, lisipitie kwa wizara inayosimamia polisi. Mochari zote, za umma na za kibinafsi, ziagizwe kupiga simu kwa ofisi hiyo mara maiti ya mtu aliyekufa kituoni au kwa risasi inapoteremshwa garini, kabla ya askari kuagiza cha kuandikwa. Kaunti zianze kuajiri wanapatholojia, maana nchi nzima inawategemea wachache mno. Hakuna hata moja hapa linalohitaji mabadiliko ya Katiba.

Na lifanyike kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Mwaka 2017 tulirudia. Kila mbunge anayeomba kura safari hii aulizwe swali moja mkutanoni, mbele ya kipaza sauti: hiyo ofisi ya 2017, ulipiga kura ipewe shilingi ngapi?