Wageni wa Gisozi

Ndugu msomaji, ukiulizwa watalii hufuata nini Rwanda, utajibu bila kusita kuwa ni sokwe wa milimani. Ni kweli. Tangu Mei 2017 kibali cha mgeni wa kutoka ng'ambo kwenda kuwatazama ni dola 1,500 za Kimarekani, na asilimia 10 ya mapato ya mbuga hurudishwa kwa wananchi wanaopakana nazo. Lakini wengi wa wageni hao, kabla ya kupanda milimani au baada ya kushuka, hufika Kigali katika kilima cha Gisozi, mahali pasipo na mnyama wa kutazamwa.

Gisozi ni makaburi. Katika kituo cha kumbukumbu kilichofunguliwa Aprili 2004 wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Septemba 2023 UNESCO ilikitia katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero.

Wako wanaoletwa na udadisi tu, nami siwalaumu. Walio wengi hutaka kufahamu ilikuwaje jirani akamwua jirani. Mwenye sare naye analo swali lake. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kikosi chake cha askari wapatao 2,500 kipunguzwe hadi 270.

Na wenyeji je, wanapata nini? Fedha si nyingi. Ile asilimia ya mbuga ni ya vijiji vya mbugani, na Gisozi hakuna kiingilio. Apataye ni dereva wa pikipiki, mwenye mkahawa, na pengine seremala wa Agakiriro, gulio la samani lililo papo hapo Gisozi. Wako watakaosema mlango utozwe. Mimi sikubaliani nao hata kidogo: mfiwa hatozwi kwenda kaburini, wala si vema mlinzi aanze kuwachambua watu mlangoni, huyu mfiwa, huyu mtalii.

Maana wote hupita njia moja. Kuanzia tarehe 7 Aprili, kwa siku mia za maombolezo, mgeni mwenye kamera hukutana na mama aliyeshika maua, anayekwenda kwa watoto wake. Mama huyo hakuja kutazamwa. Ampishe, akunje kamera yake, na asimwulize lolote mpaka mwenyewe aanze kusema.

Msomaji utakayekwenda na jamaa yako, ujue kuwa kuna chumba cha watoto. Zimetundikwa picha zao, na chini ya picha yameandikwa mambo kama chakula alichokipenda mtoto na jinsi alivyouawa. Mwanao mdogo na abaki bustanini na mtu mzima, nanyi mwingie kwa zamu.