Kufanyia kazi nyumbani: Garissa tufaidi, tusiachiwe ofisi tupu

Machi 15, 2020, siku mbili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza serikali na kampuni ziruhusu watu kufanyia kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma muhimu. Wengi wetu tulidhani ni mambo ya miezi miwili. Corona ikapungua, mtindo ukabaki. Je, sisi vijana wa Garissa, Wajir na Mandera, unatujenga ama unatumaliza?

Mimi nasema inategemea ni nani yuko mbali, na yuko mbali na nani.

Chukua kijana wa Bula Iftin aliyeajiriwa na kampuni ya Nairobi kushughulikia hesabu ama kujibu wateja. Zamani angelazimika kuhamia Islii, alipe kodi na nauli, mshahara uishe kabla ya mwezi kuisha. Akifanyia kazi kwao, pesa hizo hizo zinanunua maziwa ya ngamia soko la Garissa na kulipa karo ya mdogo wake. Hapandi basi zaidi ya kilomita 350 akishushwa kwenye vizuizi kuonyesha kitambulisho. Na mafuriko ya Novemba 2023 yalipokata barabara pale Mororo, watu wakivushwa kwa boti, mwenye laptopu na bando hakuhitaji kuvuka popote.

Lakini tusidanganyane, kuna noma zake. Kaunti yetu ina mtambo wa sola wa zaidi ya megawati 50, uliozinduliwa 2019, ila umeme wake unaingia gridi ya taifa na stima kwako bado inapotea. Kule mpakani milingoti ya simu imeshambuliwa mara nyingi. Mmoja ukianguka, eneo zima linanyamaza. Bosi aliye Nairobi haoni hayo. Anaona tu hupatikani. Bando, feni na stima, ambazo ofisi ilikuwa ikilipia, sasa zinatoka mfukoni mwako.

Kwa wasichana ni zaidi. Ukikaa nyumbani na laptopu, hooyo anaona una nafasi ya kupika anjera na kuwahudumia wageni. Kwa familia huna kazi; kwa bosi huna saa za kupumzika, anakupigia hata saa tano usiku. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei alileta mswada wa kumlinda mfanyakazi asiyejibu simu za kazi baada ya saa za kazi. Waajiri waliupinga. Sisi tulipaswa kuupigia kelele kuliko wao.

Halafu kuna upande ambao hatuuzungumzii. Afisa wa umma naye akisema anafanyia kazi nyumbani, na nyumbani kwake ni Nairobi, itakuwaje? Mama ametoka Masalani kufuata sahihi moja, anakuta kiti na koti limetundikwa. Hana barua pepe, na safari ameshailipia.

Ofisi tupu si kitu kigeni kwetu. Mapema 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, TSC iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka kaunti zetu tatu. Huwezi kuwalaumu kwa kuogopa. Lakini madarasa yalibaki na watoto bila mwalimu, na pengo hilo hakuna aliyeliziba kwa simu.

Kwa hivyo tuitake kazi hii kwa masharti. Mkataba useme nani analipia intaneti, kazi inaisha saa ngapi, na mtandao ukikatika mshahara haukatwi. Na anayelipwa kuwahudumia watu wa Garissa ana kwa ana, apatikane Garissa. Kijana wa hapa anaweza kuifanyia Nairobi kazi akiwa hapa. Mama wa Masalani hawezi kuhudumiwa na koti.