Kumtimua Meneja Hakuzibi Shimo

Picha hii tumeizoea tangu zama za kutumbua majipu. Mvua imekata barabara, malori yamelala foleni, kiongozi anafika na msafara wake, anapanda jukwaani na kuuliza meneja wa barabara yuko wapi. Mtu mmoja aliyevaa kizibao cha kazi anasimama, kofia mkononi. Anatupiwa maswali asiyopewa nafasi ya kuyajibu, kisha anaambiwa akabidhi ofisi. Vigelegele vinapaa. Usiku tunamwona kwenye taarifa ya habari. Asubuhi shimo liko pale pale, ila sasa halina msimamizi.

Imani kwamba kila barabara mbovu ina mchawi wake, na kwamba mchawi huyo ni meneja, imeota mizizi katika bonde letu, kuanzia Kidatu hadi Mlimba. Nasema ni imani potofu, na inatugharimu.

Wengi wanaopiga kelele hawajui hata wanampigia nani. Ukisimama Kisawasawa, lami inayopita mbele yako kutoka Kidatu kwenda Ifakara ni ya TANROADS, wakala ulioanza kazi mwaka 2000, na mwenye dhamana nayo ni meneja wa mkoa aliyeko Morogoro. Ukiiacha lami na kuingia mashambani, umeingia kwa TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 chini ya TAMISEMI, wenye meneja wa wilaya. Huyu wa pili ndiye anayetukanwa zaidi, na ndiye aliyepewa kidogo zaidi. Barabara za TARURA nchi nzima zinazidi kilomita 144,000, karibu mara nne ya zile za TANROADS. Lakini Mfuko wa Barabara, unaotokana hasa na tozo ya mafuta, uligawanywa kwa miaka asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa TARURA. Mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 kwa lita ya mafuta kwa ajili ya TARURA. Ilikuwa hatua njema, ila yenyewe ni ushahidi: kama tatizo lingekuwa uzembe wa mameneja, kwa nini dawa iliyotafutwa ilikuwa fedha?

Halafu tazama kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Bonde letu ni kavu kuanzia Juni hadi Oktoba. Mvua huanza Novemba au Desemba na kushika kasi Machi na Aprili. Kwa kuhesabu vidole tangu Julai, meneja ana miezi minne ya jua. Lakini Julai anachokuwa nacho ni bajeti iliyopitishwa, fedha bado. Atangaze zabuni kwenye mfumo wa NeST, zifunguliwe, zitathminiwe, mkataba usainiwe, mkandarasi alete greda. Greda likishuka kwenye lori, wingu nalo limeshatanda. Moramu iliyomwagwa Ijumaa, Jumatatu iko mtaroni. Ukimtimua meneja huyo Aprili, mrithi wake anaripoti Mei, anasoma mafaili Juni, na Julai safari inaanza upya kwa kalenda ile ile. Umebadili jina mlangoni, hukugusa kilichokwamisha kazi.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa popote. Barabara ya Kidatu–Ifakara inapita chini kabisa ya Milima ya Udzungwa. Vijito vinavyoshuka kutoka msituni lazima vipenye chini ya tuta lake kabla ya kufika bondeni, na maji hayaji peke yake. Yanakuja na mchanga, majani na magogo. Kalavati likiziba nusu, maji yanatuama upande wa mlimani, yanapanda, yanakula bega la barabara, na lami inabaki inaning'inia hewani bila udongo chini yake. Meneja aliyepitia misimu mitatu anajua kalavati lipi huziba kwanza na mtaro upi uzibuliwe kabla ya Novemba. Ujuzi huo haumo kwenye fomu ya makabidhiano. Unaondoka naye.

Nasi raia tusijifanye watazamaji. Pita mbele ya maduka yaliyo kando ya lami uangalie mtaro. Mtu amemwaga kifusi humo ili wateja na bodaboda wapite, wala hakuweka bomba chini. Maji yakifika hapo yanakosa njia, yanarudi barabarani. Baada ya mvua tatu lami inaanza kumeguka pembeni. Mwenye duka huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kudai meneja afukuzwe.

Wenye malori nao wana fungu lao. Jaribio kubwa lililofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 lilionyesha kwamba mzigo wa ekseli ukiongezwa mara mbili, uharibifu wa barabara hauongezeki mara mbili tu, unafika karibu mara 16. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika kwetu Machi 2019. Meneja atakayebana mizani wakati wa mavuno ataitwa adui wa mkulima. Akilegeza, ataitwa mzembe barabara ikifumuka.

Na hata lami hii yenyewe haikupatikana kwa kutimua watu. Jiwe la msingi la Kidatu–Ifakara, kilomita 66.9, liliwekwa Mei 2018. Barabara ilizinduliwa Agosti 2024. Ilijengwa kwa fedha zenye mkono wa Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani pamoja na Serikali yetu. Mambo ya fedha, kodi na mkataba wa mradi wa ukubwa huo hayamalizwi katika ofisi ya mkoa. Mwananchi aliyekula vumbi miaka sita akimlaani meneja alikuwa anagonga mlango usio na mwenye nyumba.

Nitaambiwa natetea wazembe na wala rushwa. La. Wapo mameneja waliosaini malipo ya kazi ambayo haikufanyika, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimeandika mengi kuhusu miradi ya umma. Lakini jukwaa ni adhabu nyepesi kwa mtu wa namna hiyo. Mwizi anastahili TAKUKURU na kizimba. Mzembe anastahili kupimwa kwa kazi aliyopangiwa, kwa vigezo vilivyoandikwa. Anayetimuliwa mbele ya kamera mara nyingi hapati lolote kati ya hayo mawili. Anapangiwa kazi nyingine, na ushahidi unafunikwa na kelele za kushangilia. Ubaya zaidi ni kile anachojifunza mrithi wake. Anayeogopa jukwaa hufukia mashimo ya njia utakakopita msafara, na kuyaacha ya njia unakopita mpunga.

Kama kweli tunataka barabara, tudai vitu vinavyopimika. Zabuni za matengenezo zianze kuandaliwa kabla ya Julai ili mkandarasi aingie kazini wakati wa jua. Mikataba ya matengenezo iwe ya miaka miwili au mitatu, na vikundi vya wananchi vipewe kazi ya kuzibua mitaro na makalavati kwa malipo. Orodha ya barabara, kiasi cha fedha na jina la mkandarasi vibandikwe kwenye ofisi ya kata, mtu yeyote asome. Kisha meneja aachwe misimu mitatu kamili na apimwe kwa siku ambazo barabara ilifungwa. Akifeli hapo, aondoke, na hakuna atakayemlilia.

Katika mkutano mkuu ujao wa kijiji chako, uliza mambo mawili tu: fedha za matengenezo ya barabara yetu ziliingia mwezi gani, na mkataba ulisainiwa tarehe ngapi? Ukishazipata tarehe hizo mbili, utajua aliyechelewesha barabara yako ni nani, na huenda hajawahi kuvaa kizibao.