Barua ya Wazi kwa Jaji Mkuu: Siku za Masjala Zisimwangukie Mrufani

Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kuhusu karatasi moja ambayo wananchi wengi hawaijui mpaka siku inapowaangusha: hati ya ucheleweshaji.

Mahakama imebadilika, na sisi tunaoingia na kutoka humo tunaona. Tangu Oktoba 2021 tuna Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki Dodoma, Arusha, Mwanza, Morogoro na Dar es Salaam. Hukumu tunazisoma kwenye tovuti ya TanzLII bila kumlipa mtu. Mashauri yanafunguliwa kwa mtandao. Katikati ya mabadiliko hayo yote, karatasi hii imebaki na tabia zake za zamani.

Chukua shauri la madai lililoamuliwa na Mahakama Kuu. Aliyeshindwa ana siku 30 za kuwasilisha taarifa ya kukata rufani. Baada ya kuiwasilisha ana siku 60 za kufungua rufani yenyewe, ikiwa na mwenendo wa shauri, hukumu na vielelezo. Lakini nyaraka hizo hana. Ziko masjala, zinasubiri kuchapwa, kusomwa na kugongwa mhuri. Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 zinalielewa hilo. Zinasema akiomba nakala kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na mpinzani wake akapelekewa nakala ya barua hiyo, siku ambazo Msajili atathibitisha kuwa zilitumika kuandaa nyaraka hazitahesabiwa. Uthibitisho huo ndio hati ya ucheleweshaji.

Hati hii huandikwa na Msajili. Mrufani haigusi kalamu. Ila Msajili akikosea tarehe, akianza kuhesabu siku ya hukumu badala ya siku ya barua ya maombi, au akataja namba ya shauri lisilohusika, anayeumia ni mrufani. Hati inakuwa batili, na zile siku 60 zinahesabiwa kana kwamba nyaraka zilikuwa mezani kwake tangu mwanzo. Rufani inaonekana imechelewa na inaondolewa mahakamani. Mawakili watatukumbusha kwamba kuondolewa si kutupiliwa mbali, kwamba mtu anaweza kurudi. Kweli anaweza. Atarudi kwa maombi ya kuongezewa muda, na huko, kwa vigezo vya shauri la Lyamuya Construction ambalo kila wakili analijua, atatakiwa kueleza muda wote aliochelewa. Aeleze kipi? Alichelewa kwa sababu aliiamini karatasi yenye mhuri wa Mahakama. Wakati huohuo hukumu aliyoshindwa inaweza kukaziwa, maana taarifa ya rufani peke yake haimzuii dalali wa mahakama kubisha hodi.

Majaji wa Rufani wamelegeza kamba, na haki yao tuwape. Tangu kanuni ya lengo kuu, ile ambayo mawakili wameibatiza jina la oksijeni, ilipoingizwa kwenye sheria mwaka 2018, mara nyingi jopo humruhusu mrufani arudi kwa Msajili hati ikarekebishwe. Tunashukuru. Hata hivyo huruma hiyo inakuja siku ya kusikilizwa, baada ya rufani kukaa foleni muda mrefu, watu wakiwa wamesafiri na mawakili wakiwa wamelipwa. Majaji watatu wa mahakama ya juu kabisa nchini wanaahirisha shauri la shamba ili tarehe moja ifutwe na nyingine iandikwe.

Kuna kanuni nyingine inayonikera zaidi. Marekebisho yaliyofanywa mwaka 2019 yanamtaka Msajili awe na nakala tayari ndani ya siku 90 tangu zilipoombwa. Vizuri sana. Siku hizo zikipita kimya, mrufani anatakiwa afuatilie mwenyewe ndani ya siku 14. Asipofuatilia, uzembe unaandikwa jina lake. Kwa aliyeshindwa kuandaa nakala kwa siku 90, sioni kanuni hiyo ikimdai hata barua ya maelezo. Nimewahi kusimama kwenye dirisha la masjala moja nikifuatilia nakala za shauri la ardhi ya ukoo wetu. Jibu lilikuwa "bado, pita wiki ijayo", na kila wiki ijayo ilikuwa na nauli yake.

Mfano wa kurekebisha haya tunao hapa nyumbani. Kwa rufani za madai zinazotoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, Sheria ya Ukomo inaziondoa yenyewe kwenye hesabu siku za kusubiri nakala. Sijui kwa nini kinachowezekana ngazi hiyo kidai karatasi ya ziada ngazi inayofuata, hasa sasa ambapo mfumo wa kielektroniki unaweza kuonyesha barua ya maombi iliingia lini na mrufani aliarifiwa lini kwamba nyaraka ziko tayari.

Kanuni za 2009 zimeshaguswa 2017 na 2019, si msahafu. Naomba ziguswe tena, tarehe hizo mbili zilizo kwenye mfumo ziwe ushahidi tosha wa siku za kuondolewa. Ikiwa hati lazima ibaki, basi kosa la Msajili lirekebishwe na Msajili kwa barua ya kawaida, kabla rufani haijapangiwa jopo, na rufani isiondolewe kwa kosa hilo. Nakala zikivuka siku 90, Msajili amwandikie mrufani sababu na tarehe mpya. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi wala zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Sioni sharti la kiufundi kuliko hili.

Na jambo dogo la mwisho, ambalo halihitaji hata kanuni mpya. Kutoka Mahakama ya Mwanzo rufani ina siku 30; kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenye shauri lililoanzia hapo, siku 45; kutoka Mahakama ya Wilaya kwenye madai ya kawaida, siku 90. Siku ya hukumu, aliyeshindwa apewe kikaratasi cha Kiswahili kinachosema ana siku ngapi, anaanza kuhesabu lini, na barua ya kuomba nakala aipeleke dirisha gani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi, Morogoro