BWANA SHAMBA ANASEMA: Mtoto Aliyepasuliwa Mirija ya Nyongo

Mwezi huu tumbaku isubiri. Nataka tuzungumze juu ya nyongo.

Nyongo unaijua. Ukichinja kuku, unaitoa kwa uangalifu isipasuke, nyama isije ikawa chungu. Nyongo hutengenezwa na ini. Hupita katika mirija midogo mpaka kwenye utumbo. Huko husaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Ndiyo inayokipa choo rangi yake.

Wako watoto wachanga, si wengi, ambao mirija hiyo imeziba. Nyongo haipiti. Hubaki ndani ya ini na kuliharibu, kama maji ya mfereji ulioziba yanavyoozesha mizizi.

Jirani yangu alipata mtoto wa namna hiyo. Tunakaa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Tabora kwenda Ujiji. Mtoto alikuwa na mwezi mmoja, macho yake ya manjano. Mimi, mjuzi wa kila kitu, nikamwambia mama, "Mwoteshe jua la asubuhi, yataisha." Nilikosea. Kwa kawaida manjano ya mtoto mchanga huisha katika wiki mbili. Yakizidi hapo, funua nepi. Je, choo ni cheupe kama chokaa? Je, mkojo ni kama chai ya rangi? Nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyefunua nepi. Aliandika barua ya kwenda Kitete, na kutoka Kitete mtoto akapelekwa hospitali ya rufaa. Alipasuliwa akiwa na siku 57.

Upasuaji huu ulianzishwa na Daktari Morio Kasai wa Japani katika miaka ya 1950. Mirija iliyoziba huondolewa, na kipande cha utumbo huunganishwa na ini ili nyongo ipate njia. Hufaa zaidi kabla ya siku 60. Hata hivyo hauponyi kila mtoto. Wengine ini huendelea kuharibika. Kwa hiyo kazi ya mama na baba haiishii hospitali.

Wodini, mama, usiogope kumshika mwanao. Waulize wauguzi namna ya kumbeba. Mtoto akilia kwa maumivu, sema, apewe dawa. Asiyeumia hupumua vizuri na hunyonya mapema. Akiwa bado hajaruhusiwa kunyonya, kamua maziwa yasikauke. Akiruhusiwa, mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi.

Nyumbani, dawa zisikatizwe. Mtoto huyu hayeyushi mafuta vizuri, na vitamini A, D, E na K humpotea. Ikipungua K, damu haigandi. Chanjo zote apate. Apimwe uzito kila mwezi, lakini tumbo likijaa maji mizani hudanganya, basi mwombe muuguzi apime na unene wa mkono. Dawa za mizizi, hata akizileta bibi kwa upendo, msimpe. Ini lake halina nguvu ya kuzistahimili.

Tena homa. Mtoto huyu akishikwa na homa, usiseme ni malaria tu ukangoja kesho. Wadudu wa maradhi huweza kupanda kutoka kwenye utumbo mpaka kwenye ini. Apelekwe hospitali mara moja, na mweleze daktari kwamba alipasuliwa. Choo nacho kikirudi kuwa cheupe, fanya vivyo hivyo.

Mtoto wa jirani alipata homa akiwa na miezi minne, usiku, mvua inanyesha. Baba alimpakia mama na mtoto kwenye baiskeli mpaka barabara kuu, wakapata lori. Walikaa hospitali wiki mbili.

Siku hizi nikipita kukagua tumbaku yao, mama hunionyesha nepi kwanza. "Bwana Shamba, tazama rangi." Juzi ilikuwa ya kijani.