Staa, Una Hela ya Rimu Ila Kioo cha Mbele Unabana?

Wadau, mmeiona ile video ya staa wetu mmoja wa Bongo Fleva? Jina nalihifadhi, mnamjua wenyewe. Gari limebadilishwa kioo cha mbele, fundi kamaliza, muda huohuo jamaa kaingia barabarani anaimba, mkanda hajafunga. Komenti zote "gari kali bosi". Hakuna aliyeuliza gundi imekauka saa ngapi.

Tuambizane ukweli, kioo cha mbele siyo pambo. Ni vioo viwili vyenye plastiki katikati, ndo maana jiwe likikipiga kinapata ufa bila kukumwagikia usoni. Gari likipinduka, kinasaidia kubeba paa. Na kwenye magari mengi eabegi ya abiria ikifumuka inaegemea kwenye kioo ili imzuie mtu. Gundi ikiwa mbichi, kioo kinachomoka na eabegi inakosa pa kuegemea. Hapo aliyekaa siti ya mbele ndo anaumia.

Kwa hiyo ukifika kwa fundi, "bei gani?" iwe swali la mwisho. Anza na gundi. Inayotakiwa ni ya poliyurethani, maalumu kwa vioo vya magari, siyo silikoni ya madirisha ya aluminiamu. Kuna ya kusubiri saa moja na kuna ya siku nzima, soma maelezo yake. Fundi akikwaruza bati, apake praima kwanza, la sivyo kutu itakula taratibu mpaka mvua ikuingilie ndani.

Kioo chenyewe kikague alama pembeni: E ndani ya duara, DOT au JIS. Na kama gari lina kamera pale juu kwenye kioo, ipimwe upya, maana ikikaa vibaya hata breki za kujikamata zenyewe zinaweza kukosea.

Najua mtasema maisha magumu. Sawa, mwenye IST ya mkopo namwelewa akitafuta kioo cha mtumba kisicho na ufa, ila kwenye gundi asibanie. Staa mwenye hela ya rimu mpya simwelewi kabisa. Mashabiki wanaiga kila unachotupia, kaka. Siku moja tutupie gari limepaki, linasubiri gundi ikauke.

Wewe fundi wako alikwambia usubiri muda gani? Tiririka hapo chini.